Kinga ya mwili na ubongo baada ya kiharusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wagonjwa, ndugu wanaouguza, na wanafunzi wa uuguzi na utabibu wanaotaka kujua kwa nini mgonjwa aliyeingia wodini akizungumza huweza kuzidiwa siku ya tatu, ilhali mshipa uliziba siku ya kwanza.

Kiharusi ni tatizo la mshipa wa damu. Kinga ya mwili inaingiaje hapo?

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba. Mshipa ukiziba, seli zilizo katikati ya eneo lililokatiwa damu hufa ndani ya dakika chache. Pembeni yake hubaki ukanda unaopata damu kidogo kutoka mishipa jirani. Seli za ukanda huo zimezimia, hazifanyi kazi, ila hazijafa. Matibabu yote ya dharura yanapigania ukanda huo.

Seli inayokufa hupasuka na kumwaga vilivyokuwa ndani yake: ATP (molekuli ya nishati ya seli), vipande vya DNA, na protini iitwayo HMGB1 ambayo makao yake ni ndani ya kiini. Vitu hivi vikionekana nje ya seli, vipokezi vya kinga kama TLR4 huvichukulia vilevile vinavyochukulia mabaki ya bakteria. Hakuna kijidudu hata kimoja, lakini mwili unaitika kana kwamba umevamiwa. Mwitikio huo ndio mchochota: mishipa hulegea na kuvuja, chembe nyeupe za damu huitwa, na kemikali kali humwagwa mahali penye seli zilizo hai nusu.

Mambo hayo hutokea kwa mpangilio gani?

Wa kwanza kuamka ni mikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe. Wakati wa amani zina matawi membamba yanayopapasa majirani bila kupumzika. Zikikutana na dalili za kifo hukunja matawi, hunenepa, na kuanza kutoa saitokini, yaani protini za kupashana habari: IL-1 beta, TNF na IL-6. Hayo ni mambo ya dakika hadi saa chache.

Nyutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu ya mtu mzima, huanza kufika ndani ya saa chache na hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Baadhi yake hazitoki mbali: mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kwenye panya mwenye kiharusi, uboho wa fuvu huchangia nyutrofili zinazopita kwenye vijia vidogo vya mfupa moja kwa moja kuelekea utando wa ubongo. Vijia kama hivyo vipo pia kwenye fuvu la binadamu.

Kati ya siku ya tatu na ya saba huingia monosaiti, chembe nyeupe nyingine, ambazo hugeuka makrofaji, yaani seli walaji, na kuanza kumeza mabaki. Limfosaiti T, chembe nyeupe zinazolenga adui mahususi, hufuatana nazo. Baada ya hapo kazi huwa ya wiki na miezi: astrosaiti, seli za ubongo zinazotegemeza nyuroni (seli za neva), hujenga kovu kuzunguka eneo lililokufa, na makrofaji huendelea kufagia mafuta ya mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva, hadi palipokuwa na tishu panabaki tundu lenye maji.

Tarehe hizi si ukuta. Kiharusi kikubwa huharakisha kila kitu, na kwa wazee usafishaji huchelewa. Ila mfuatano wenyewe ni muhimu kuukumbuka, kwa sababu seli ileile inayodhuru siku ya kwanza huweza kuwa inayohitajika siku ya kumi.

Nyutrofili inaharibu vipi hasa?

Hebu tuitazame kwa karibu. Saa chache baada ya mshipa kuziba, ukuta wa ndani wa mishipa midogo huchomoza protini za kunasia. Selektini ndizo za kwanza: nyutrofili iliyokuwa ikipita na mkondo hugusa, hupunguza kasi, huanza kubiringika ukutani. Kisha ICAM-1 huikamata na kuisimamisha kabisa. Hapo hujibana na kupenya kati ya seli mbili za ukuta.

Kabla hata ya kupenya, imeshaleta tatizo. Nyutrofili ina kipenyo cha takriban maikromita 10 hadi 12, na kapilari (mishipa midogo kabisa) nyingi za ubongo ni nyembamba kuliko hapo. Nyutrofili tulivu hujikunja ikapita. Iliyoamshwa huwa ngumu, ikakwama kama kizibo. Ndiyo maana mara nyingine mshipa mkubwa hufunguliwa vizuri, picha inaonyesha damu inapita, lakini sehemu ya ubongo nyuma yake bado haipati damu.

Ikishakaa, hutoa vitu vitatu vya kuogopwa: molekuli kali za oksijeni zinazounguza utando wa seli, kimeng'enya cha MMP-9 kinachokata kolajeni na viungio vinavyoshikilia ukuta wa mshipa, na nyavu za DNA yake yenyewe, ambazo hutupwa nje kama wavu wa mvuvi. Nyavu hizo zimekutwa ndani ya mabonge ya damu yaliyovutwa kutoka kwa wagonjwa, na huyafanya yawe magumu kuyeyushwa kwa dawa.

Je, hii ndiyo sababu dawa ya kuyeyusha bonge ina kikomo cha saa?

Kwa sehemu, ndiyo. Alteplasi, dawa ya kuyeyusha bonge, hutolewa kwa kipimo cha miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 90. Asilimia 10 huchomwa kwa mkupuo ndani ya dakika moja, na inayobaki huendeshwa kwa dripu kwa dakika 60. Majaribio ya NINDS ya mwaka 1995 yalithibitisha faida yake ndani ya saa 3, na mwaka 2008 jaribio la ECASS III likasogeza kikomo hadi saa 4.5.

Kadiri muda unavyopita, MMP-9 na wenzake hulegeza kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Damu ikirudishwa kwa nguvu kwenye mishipa iliyooza, huvuja. Hata ndani ya saa 3 za NINDS, uvujaji uliozidisha hali ya mgonjwa ulitokea kwa asilimia 6.4 ya waliopewa dawa, dhidi ya 0.6 ya wasiopewa. Pamoja na hayo, waliopewa walipona vizuri zaidi. Wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu wanaweza kutibiwa hata baada ya hapo, na kuvuta bonge kwa waya kunaweza kufanyika hadi saa 24 kwa baadhi yao, kwa sababu picha huonyesha nani bado ana ukanda ulio hai.

Saa huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana akiwa mzima, si tangu alipokutwa. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na mbili alfajiri mkono hausogei, huhesabiwa tangu saa nne. Ndugu wanapotaja saa kwa kukisia, daktari hukosa kitu ambacho hakuna mashine inayoweza kukirudisha kikamilifu.

Ubongo kuvimba ni jambo la siku gani, na tuangalie nini?

Uvimbe hukua taratibu na kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Huja kwa hatua mbili. Kwanza seli zenyewe hunywa maji, kwa sababu pampu za chumvi hazina nishati ya kufanya kazi. Baadaye kizuizi kikishalegezwa na mchochota, protini na maji ya damu huingia kati ya seli. Fuvu halitanuki, kwa hiyo shinikizo hupanda na ubongo husukumwa upande au chini.

Aliye hatarini zaidi ni mwenye kiharusi kilichochukua eneo kubwa la mshipa wa kati wa ubongo, hasa akiwa kijana, maana ubongo wake haujasinyaa na hauna nafasi ya kuvimbia. Mwite muuguzi papo hapo ukiona usingizi unazidi na haamki kwa urahisi kama jana, kichwa kinauma zaidi, anatapika, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, au udhaifu unaongezeka. Usingizi ndio dalili ya mapema na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Watu husema "mwache apumzike".

Kwa wenye umri wa hadi miaka 60 walio na uvimbe wa namna hiyo, kuondoa kipande cha fuvu ndani ya saa 48 huokoa maisha. Majaribio matatu ya Ulaya yaliyounganishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa asilimia 78 ya waliopasuliwa walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 29 ya wasiopasuliwa. Wengi huishi na ulemavu, na familia inapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kukubali.

Kama shida ni mchochota, kwa nini asipewe deksamethasoni au prednisoloni?

Swali hili huulizwa kila siku, na lina mantiki: dawa hizi, ziitwazo steroidi, hupunguza uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo. Lakini uvimbe wa kiharusi ni tofauti. Sehemu yake kubwa ni maji yaliyo ndani ya seli zinazokufa, ambayo steroidi haiyagusi. Papo hapo dawa hupandisha sukari, na sukari ya juu huzidisha uharibifu wa ubongo. Pia huzidi kuilaza kinga ambayo, kama utakavyoona hapa chini, imeshalala. Tathmini za majaribio ya miaka mingi hazikuonyesha faida, na miongozo ya matibabu inakataza kuzitumia kwa uvimbe wa kiharusi.

Mjadala haujafungwa kabisa. Jaribio la MARVEL la China, lililochapishwa mwaka 2024, lilitoa methilprednisoloni kwa kiasi kidogo, miligramu 2 kwa kilo kwa siku kwa siku 3, kwa wagonjwa waliovutwa bonge. Kipimo chake kikuu, yaani kiwango cha ulemavu baada ya siku 90, hakikutofautiana vya kutosha, ingawa vifo na uvujaji wa damu vilipungua. Hilo ni jambo la kufuatiliwa hospitalini, kwa wagonjwa wa aina hiyo tu. Halimpi mtu ruhusa ya kununua steroidi na kumpa mgonjwa nyumbani.

Dawa zinazolenga seli za kinga moja kwa moja zimefika wapi?

Zimejaribiwa nyingi, na matokeo yametufundisha unyenyekevu. Enlimomabu ilizuia ICAM-1 ili nyutrofili zisinase ukutani. Kwa wanyama ilifanya kazi. Kwa watu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha waliopewa walizidiwa zaidi na wakapata homa. Ilikuwa imetengenezwa kwa protini ya panya, na mwili wa binadamu uliishambulia, hivyo dawa ya kutuliza kinga ikaiamsha. Natalizumabu, inayozuia limfosaiti kuingia ubongoni, haikupunguza ukubwa wa kiharusi. Kizuizi cha IL-1 kilipochomwa chini ya ngozi katika jaribio la SCIL-STROKE la mwaka 2018 kilishusha alama za mchochota kwenye damu, lakini wagonjwa hawakupona vizuri zaidi.

Kwa nini yanayofaulu kwa panya hukwama kwa watu? Damu ya panya ina limfosaiti nyingi, wakati chembe nyeupe nyingi za mtu mzima ni nyutrofili. Panya wa maabara huwa kijana, msafi, hana kisukari wala shinikizo, na hupewa dawa dakika 30 baada ya mshipa kuzibwa. Mgonjwa ana miaka 70, ana magonjwa matatu, na amefika baada ya saa tano. Juu ya yote, ukizuia seli kwa siku nyingi unazuia na ukarabati. Kwa maoni yetu, dawa itakayofaulu itakuwa ile inayotolewa kwa muda mfupi, mapema, pamoja na kufungua mshipa.

Kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupata nimonia haraka hivi?

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: wakati ubongo unawaka, kinga ya mwili mzima inashushwa. Ubongo uliojeruhiwa hutuma amri kupitia neva za dharura zinazomwaga adrenalini na noradrenalini, kupitia kortisoli ya tezi za juu ya figo, na kupitia neva ya vagasi. Ndani ya saa 24 hadi 48 limfosaiti hupungua kwenye damu, wengu hunywea, na monosaiti hupunguza vipokezi vya HLA-DR ambavyo huvitumia kuwaonyesha wenzao adui. Pengine ni njia ya mwili kujizuia usiushambulie ubongo wake uliofunuliwa, lakini mlango hubaki wazi kwa bakteria.

Ongeza na kumeza kulikoharibika. Mate yenye bakteria huteremka mapafuni, na koo lililopooza halikohoi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata maambukizi ya aina fulani baada ya kiharusi, na mmoja kati ya kumi hupata nimonia. Mkojo hufuata kwa karibu, hasa penye mpira wa mkojo.

Tufanye nini kuizuia?

Asipewe chochote mdomoni, hata kidonge, hata kijiko cha maji, mpaka apimwe kumeza. Kipimo ni rahisi lakini kifanywe na aliyefunzwa. Mgonjwa awe macho na akae wima. Anapewa maji kijiko kimoja cha chai, kisha cha pili na cha tatu, huku mpimaji akitazama koo likipanda na kusikiliza. Baada ya kila kijiko anaombwa aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kana kwamba anaongea akiwa na maji kooni, au akikohoa au kupaliwa, kipimo kinasimama hapo. Akivuka vijiko hupewa kikombe cha takriban mililita 90 anywe mfululizo.

Kuna wanaopaliwa kimyakimya, hawakohoi kabisa. Kwa hiyo hata aliyevuka kipimo atazamwe anapokula: chakula kubaki shavuni upande uliopooza, kupumua kwa kasi baada ya kula, homa ya jioni. Alishwe akiwa amekaa wima, matonge madogo, na abaki wima kwa angalau nusu saa baadaye. Kinywa kisafishwe hata kama hali kwa mdomo, na meno bandia yatolewe usiku. Mpira wa mkojo uondolewe mara tu usipohitajika.

Si bora apewe antibiotiki mapema kabla hajaumwa?

Hapana. Jaribio la PASS la Uholanzi, lenye wagonjwa zaidi ya 2,500, lilitoa seftriaksoni gramu 2 kwa siku kwa siku 4. Maambukizi yalipungua, hasa ya mkojo, lakini hali ya wagonjwa baada ya miezi 3 haikuwa bora. Jaribio la STROKE-INF la Uingereza, lililochapishwa mwaka huohuo wa 2015, halikupunguza nimonia kwa waliokuwa na shida ya kumeza. Antibiotiki ni za kutibu maambukizi yaliyoonekana, na hapo zianze bila kuchelewa.

Homa ina uzito gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Joto hupandisha mahitaji ya oksijeni ya seli zilizo ukingoni na huchochea mikroglia. Kwenye jaribio la QASC la Australia la mwaka 2011, wauguzi walipima joto kila saa 4 kwa saa 72, wakatoa parasetamoli likifika nyuzi 37.5, wakadhibiti sukari na kupima kumeza. Kwenye wodi zilizofanya hivyo, wagonjwa wachache zaidi walikuwa wamekufa au wamebaki tegemezi baada ya siku 90. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine. Kushusha homa kuende pamoja na kutafuta chanzo: kifua, mkojo, mahali pa dripu, mguu ulioganda damu.

Kiharusi cha kuvuja damu nacho kina mambo hayohayo?

Kina, ila kichochezi ni tofauti. Damu iliyomwagika ina thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, ambayo huchokoza mikroglia ndani ya saa za kwanza. Siku zinazofuata chembe nyekundu hupasuka, zikatoa himoglobini na madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa nyuroni. Kwa hiyo uvimbe unaozunguka bonge huweza kuendelea kukua hata kwa wiki moja na zaidi. Makrofaji na mikroglia ndizo zinazomeza chembe hizo na kulibeba bonge kidogokidogo. Ukizizima zote, bonge hubaki.

Kwa hiyo kinga ina faida yoyote?

Bila hiyo hakuna kupona. Mabaki yasipofagiwa, nyuroni haziwezi kuchipua matawi mapya. Makrofaji zikishameza mabaki hubadili tabia, zikatoa IL-10, saitokini ya kutuliza, na vichocheo vya ukuaji. Limfosaiti T za kudhibiti, ambazo kwa panya hurundikana ubongoni wiki kadhaa baada ya kiharusi, hutoa protini ya amfireguli inayotuliza astrosaiti zilizopitiliza. Hata MMP-9, adui wa siku ya kwanza, huhitajika baadaye kupasua njia kwa mishipa mipya: panya waliozuiwa kimeng'enya hicho siku ya saba walipona vibaya zaidi.

Virutubisho vya "kuongeza kinga" vinasaidia?

Hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kuokoa ubongo baada ya kiharusi. Baadhi ya mitishamba na vidonge hubadili nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au huzidisha uvujaji wa damu. Mwonyeshe daktari kila unachotaka kumpa mgonjwa.

Anatumia dawa za kushusha kinga kwa ugonjwa mwingine. Aziache?

Asiziache mwenyewe. Anayemeza steroidi kwa muda mrefu akiacha ghafla, shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Timu ya kiharusi ielezwe jina la dawa, kipimo, na siku ya mwisho kuitumia.

Vipimo vya damu vinatuambia nini?

CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na mchochota, ikipanda, na uwiano mkubwa wa nyutrofili kwa limfosaiti huambatana na kiharusi kikubwa na hatari zaidi, lakini havisemi ni tiba gani itolewe. CRP hupanda kwa kiharusi chenyewe na kwa nimonia pia. Namba moja haitoshi. Kinachosaidia ni kuona inavyokwenda siku hadi siku, huku mgonjwa mwenyewe akipimwa kifua na joto.

Miezi imepita. Kinga bado ina kazi?

Ndiyo. Kwa panya, limfosaiti B zimeonekana zikijikusanya kwenye kovu wiki nyingi baadaye, na kumbukumbu ikashuka pamoja nazo. Zilipoondolewa, kumbukumbu haikushuka. Kwa watu, takriban theluthi moja hupata sonona baada ya kiharusi, na kusahau kunakoongezeka baada ya miezi si jambo la kudharau. Ukiona mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri ameanza kurudi nyuma, anza na yanayotibika: maambukizi ya mkojo, usingizi mbovu, dawa zilizozidi, sonona, au kiharusi kingine kidogo. Maambukizi yenyewe huongeza hatari ya kiharusi kipya katika siku zinazofuata, kwa hiyo chanjo ya mafua na ya nimonia iulizwe kwenye kliniki ya kwanza.